Mwanangu ana selimundu, na wakwe wanasema ugonjwa nimekuja nao mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi wilayani Muheza mkoani Tanga, na nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu hakukaliki tena. Watoto wangu wawili wa kwanza wanasoma shule na hawajawahi kuugua maradhi mazito. Huyu wa tatu, ambaye anakaribia kutimiza miaka miwili, alizaliwa na uzito mzuri na alinyonya vizuri, lakini alipopita miezi saba mikono na miguu yake ilianza kuvimba, leo huu kesho ule, akawa analia usiku kucha, na kila nilipomshika vidole aliuvuta mkono wake. Mara tuliambiwa ni chango, mara tukaambiwa mtoto ametupiwa kitu, na mama mkwe wangu akamfunga hirizi kiunoni. Macho yake yalipoanza kuwa ya manjano nilimbeba nikampeleka hospitali. Walimchukua damu ya kupima kabla ya kumwongezea nyingine, na majibu yalipotoka karatasi ilikuwa imeandikwa Hb SS. Muuguzi alinieleza kwamba hiyo ni selimundu, kwamba ni ugonjwa wa kurithi, na kwamba baba yake naye aje apimwe.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mume wangu alikataa katakata, akasema yeye ni mzima, anapakia magunia ya machungwa kwenye lori tangu ujana wake, basi apimwe nini. Wifi yangu alisema mbele ya watu kwamba katika ukoo wao hakuna mtoto wa namna hii, na kwamba itafutwe alikotoka. Mama mkwe hakufika huko, ila anashikilia kwamba ugonjwa umo katika damu yangu na maziwa yangu, na kwamba wale wawili wa kwanza walinusurika kwa kuwa wamefanana na baba yao. Wengine wanasema damu zetu haziendani, kwa sababu mimi ni kundi O na mwenzangu ni kundi B. Sasa wanamshauri aoe mke mwingine apate watoto wazima.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki: mdogo wake mume wangu amemposa mdogo wangu wa kike, posa imekwisha kupokewa, na ndoa inangojwa baada ya mfungo wa Ramadhani. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Nikinyamaza nafsi inanisuta, nikisema nitaambiwa nawaharibia watu ndoa yao. Naomba unieleze, Shangazi: ugonjwa huu umetoka kwa nani? Hawa wakubwa wako salama? Tukizaa tena itakuwaje? Na wale wadogo zetu niwaambie nini?

Mama wa Watatu, Muheza

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuuguza huku unashitakiwa.

Ugonjwa wa mtoto wako umetoka kwenu wote wawili, wewe na mumeo, kwa kiasi kilekile. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ambayo mwili huyafuata kutengeneza himoglobini, yaani ile protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu na inayobeba hewa ya oksijeni. Nakala moja alipewa na mama yake na nyingine na baba yake. Maelekezo hayo yamo katika kromosomu ya 11. Katika selimundu kuna badiliko dogo mno: kwenye mnyororo wa himoglobini wenye viungo 146, kiungo cha sita, ambacho kilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, kinakuwa valini. Badiliko hilo moja linatosha kuzifanya himoglobini zigandamane pale oksijeni inapopungua, chembe ya damu ikapinda na kuwa ngumu, ikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana vidole vya mwanao vilivimba, maana mishipa midogo ya mifupa ya viganja na nyayo iliziba, na ndiyo maana macho yakawa ya manjano, kwa sababu ya mabaki ya chembe zilizovunjika.

Mtu mwenye nakala moja iliyobadilika (S) na moja ya kawaida (A) huandikwa AS, nasi humwita mbebaji. Mbebaji si mgonjwa. Ile nakala nzima inamtosha, na anaweza kupakia magunia ya machungwa mpaka uzeeni asijue ana nini mwilini. Anayeugua ni yule aliyepokea nakala iliyobadilika kutoka pande zote mbili, akawa SS, kama mwanao. Kwa hiyo afya ya mumeo haipingani na majibu ya mtoto hata kidogo, kama vile afya yako wewe isivyopingana nayo.

Sasa hao wawili wa kwanza. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 kwamba mtoto atakuwa SS, nafasi 2 kati ya 4 kwamba atakuwa AS kama wao, na nafasi 1 kati ya 4 kwamba atakuwa AA asiye na badiliko lolote. Watu wengi huielewa hesabu hii vibaya, wakadhani kwamba katika watoto wanne mmoja lazima augue, na akishapatikana huyo wengine wamesalimika. Sivyo. Ni sawa na kurusha shilingi: haikumbuki iliangukaje mara iliyopita. Kuna nyumba za wabebaji wawili zenye watoto sita wazima, na kuna nyumba ambamo watatu wa kwanza wote ni SS. Kufanana na baba kwa pua au kimo hakuhusiani na jambo hili kwa vyovyote.

Maziwa yako hayana kosa. Mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini ya uchanga ambayo haina badiliko hilo, nayo humkinga kwa miezi ya mwanzo. Inapopungua na nafasi yake kuchukuliwa na himoglobini ya utu uzima, kwa kawaida kuanzia karibu na mwezi wa sita, dalili zinajitokeza. Kwa bahati mbaya huo ndio wakati mtoto anaanzishwa uji, na hivyo watu hupata cha kusingizia. Makundi ya damu nayo ni habari nyingine kabisa, kwani hurithiwa kupitia kromosomu ya 9. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AA, AS au SS, na vivyo hivyo mtu wa kundi B. Herufi zinafanana na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, hata waliosoma.

Huenda mama mkwe wako amewahi kusikia kuhusu maradhi ambayo kweli kwa kawaida hupitia kwa mama. Yapo. Himofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, mara nyingi hubebwa na mwanamke asiyeugua akamrithisha mtoto wa kiume. Lakini selimundu haiendi hivyo. Inafuata njia ileile ya ualbino, ambao nao huhitaji baba na mama wote wawe na badiliko hilo, na ambao nao umewaponza kina mama wengi wasio na hatia.

Kuhusu kauli kwamba katika ukoo wao hakuna, nina mawili ya kusema. Kwanza, badiliko hili linaweza kupita vizazi vingi kimyakimya, kutoka kwa mbebaji hadi kwa mbebaji, bila mtu kuugua, mpaka siku mbebaji mmoja akutane na mwenzake. Pili, zamani watoto wa SS walikufa wadogo bila kupimwa, na vifo vyao vikaitwa malaria, safura au degedege. Mtu akiwauliza wazee kwa upole, katika koo nyingi za pwani atasikia habari za mtoto aliyekuwa akivimba mikono na hakufika umri wa kwenda shule. Katika mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kazi yake katika Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba wabebaji wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwamba wanapatikana kwa wingi kwenye maeneo yenye malaria, pwani na kando ya Ziwa Victoria, kuliko nyanda za juu zenye baridi. Wazee wenu walioishi bondeni Muheza walibaki hai kwa sehemu kwa sababu ya badiliko hilohilo linalomtesa mjukuu wao. Hata hivyo usidanganyike kwamba mwanao analindwa: kinga hiyo ni ya AS, na mtoto wa SS akipata malaria huumia kuliko wengine. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wabebaji ni kati ya watu 13 na 20 katika kila 100. Ukoo usio nayo kabisa ni vigumu kuupata.

Neno la wifi yako ni zito, nami sitalikwepa. Mtoto akiwa SS, baba aliyemzaa kwa kawaida ni AS, na mumeo akipimwa natarajia karatasi yake iseme hivyo, na mdomo wa wifi ufungwe. Lakini apimwe ipasavyo. Kuna kipimo cha haraka ambacho tone la damu huchanganywa na kemikali juu ya kioo cha darubini. Hicho huonyesha tu kwamba kuna S, wala hakitenganishi AS na SS. Mwombe mtaalamu kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachotenganisha aina za himoglobini, au kinacholingana nacho, na mumeo aseme kama ameongezewa damu katika miezi minne iliyopita, maana damu ya mtu mwingine hupotosha majibu. Ikitokea karatasi ikasoma AA, pasiwe na mtu wa kutoa hukumu: makosa ya maabara yapo, na ipo hali nyingine ya kurithi iitwayo thalasemia ya beta, ambayo humfanya mtoto aonekane SS ilhali mzazi mmoja hana S. Kipimo cha selimundu hakikuwekwa kuamua nani ni baba wa nani.

Usimwambie mumeo kwamba anatakiwa apimwe ili ijulikane nani mwenye kosa. Mwambie kwamba daktari anamhitaji ili kumtibu mtoto vizuri, jambo ambalo ni kweli, na umwache mtaalamu amweleze hesabu niliyokuandikia hapa. Mwanamume aliyekataa kusikia kwa mkewe mara nyingi husikia kwa mgeni mwenye koti jeupe. Na mumeo akithibitika kuwa mbebaji, angalau mmoja wa wazazi wake naye ni mbebaji, na huenda akawa ni mama mkwe wako mwenyewe. Ulijue hilo, lakini usilitoe siku ya ugomvi.

Katika barua yako ndefu hukuniuliza jambo ambalo mimi naliona la kwanza, nalo ni matunzo ya huyu mtoto. Hirizi haimdhuru, mradi isicheleweshe kumfikisha hospitali. Aandikishwe katika kliniki ya selimundu, na uulize kama anapata penisilini ya kila siku, ambayo hutolewa mpaka umri wa miaka mitano ili kumkinga na bakteria wanaoua watoto hawa ghafla. Asidi ya foliki. Kinga ya malaria kwa utaratibu wa daktari, pamoja na chandarua kila usiku. Na chanjo zote. Uliza pia kuhusu haidroksiyurea, dawa inayoweza kuanzwa tangu umri wa miezi tisa. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo.

Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama. Mlaze mtoto chali akiwa ametulia, weka vidole vyako vikiwa vimelala bapa kwenye tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, na ubonyeze taratibu anapovuta pumzi. Ukigusa kitu kigumu, kumbuka kimeshuka vidole vingapi chini ya ubavu. Fanya hivyo mara kwa mara ili uijue hali yake ya kawaida. Siku utakayoona bandama imeongezeka ghafla na mtoto amepauka viganja na midomo, usingoje kukuche. Vivyo hivyo akipata homa kali, akihema kwa shida, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea.

Hao wakubwa wawili wapimwe pia. Hata akiwa mzima machoni, mtoto anaweza kuwa SS ambaye dalili zake ni nyepesi. Ikithibitika kwamba hawaugui, basi kila mmoja wao ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji: katika yale matokeo manne tumeliondoa moja la SS, yakabaki matatu, na mawili kati ya hayo ni AS. Karatasi zao zihifadhiwe, nao waelezwe watakapopevuka, si kwa kutishwa. Kuna faida nyingine ya kuwa na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Upandikizaji wa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, ambao unaweza kuondoa ugonjwa huu na ambao umeanza kufanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huhitaji mtoaji anayelingana na mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye, na akiwa AS hilo halimzuii kutoa. Si tiba rahisi wala isiyo na hatari, na si kila mtoto anaihitaji. Nimeitaja ili uiulize kliniki, wala si ili uanze kuuza shamba.

Mumeo akioa mke mwingine atakwenda na badiliko lake. Mke huyo akiwa AA, watoto wao hawatakuwa SS, ila nusu yao kwa makadirio watakuwa wabebaji. Akiwa AS, na kwa takwimu nilizokutajia mwanamke 1 kati ya 5 hadi 8 ni hivyo, nyumba ya pili itakuwa na hesabu ileile ya nyumba ya kwanza. Kuoa ni shauri lake na dini yake inamruhusu kwa masharti yake; wanaomwambia kwamba kuoa ni dawa ya selimundu ndio wanaompoteza.

Kuhusu kuzaa tena, nafasi ya kila mimba ni ileile 1 kati ya 4, haikupungua wala haikuongezeka kwa kuwa mmekwisha kupata mgonjwa mmoja. Ninyi wawili ndio wa kuamua kama mtatosheka na familia mliyo nayo au mtajaribu, na mama mkwe hana kura hapo. Maoni yangu, kwa kuwa umeniuliza, ni kwamba usibebe mimba nyingine mpaka huyu mdogo awe ametulia kwenye matibabu na mumeo awe amekubali kilichotokea. Mkiamua kuzaa, mtoto apimwe mara tu azaliwapo, ili penisilini ianze akiwa na miezi miwili au mitatu kabla vidole havijavimba.

Nimeiacha ndoa ya wadogo zenu mwisho kwa sababu ndiyo inayoweza kufanyiwa jambo kwa wakati. Wewe na mumeo ni wabebaji, kwa hiyo ndugu zenu, wakiwa wazima, kila mmoja ana nafasi ya nusu au zaidi ya kuwa mbebaji naye. Bila kupimwa, nafasi ya wote wawili kuwa AS ni angalau 1 kati ya 4, na nafasi ya mtoto wao kuwa SS ni angalau 1 kati ya 16. Wakipimwa, hesabu hiyo ya kukisia inaisha: ama mmoja wao ni AA na hawatapata mtoto wa SS, ama wote ni AS na wamefika pale mlipo ninyi, ila wao wanajua mapema. Usinyamaze, mwanangu. Kusema hakuvunji posa. Vijana wengi hupimwa virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa na hakuna anayeona ajabu.

Ila usilitangaze barazani, wala usilipeleke kama habari ya ukoo wa mumeo. Anza na mdogo wako peke yake, umwonyeshe karatasi ya mwanao na umweleze ulichoelezwa. Kisha mzee wa upande wenu amwambie mshenga kwamba pande zote mbili zinaomba vijana wapimwe himoglobini, wote wawili kwa siku moja, kabla tarehe haijatangazwa. Wakikutwa wote ni AS, hakuna sheria inayowazuia kuoana. Wengine huachana, wengine huoana wakakubali kulea watoto wa ndugu, wengine huoana na kuzaa huku wakijua la kufanya. Binafsi ningewasihi wafikiri sana, lakini ni watu wazima na uamuzi ni wao. Mdogo wako apime hata kama posa hii itavunjika kwa sababu nyingine, kwa kuwa majibu yake hayabadiliki, na ataolewa na mtu ambaye naye ana herufi zake.